Kuzuia na Kukinga

Kiswahili kina maneno mawili ambayo ulimi wa haraka huyachanganya, lakini akili iliyotulia huyatenga. Kuzuia ni kukifanya kitu kisije au kisipite. Kukinga ni kutia kitu kingine kati ya mwili na dhara linaloujia. Ajengaye boma la mawe mtoni huyazuia maji. Ainuaye ngao hujikinga na mkuki. Mwenye mwavuli hazuii mvua. Mvua hunyesha kama ilivyojaliwa kunyesha, mashamba hulowa, mito hujaa. Yeye amejikinga tu. Kukinga kuna maana nyingine tena, ya kutega chombo chini ya mchirizi ili kipokee maji, lakini hiyo si habari ya hapa. Tofauti ya kuzuia na kukinga ni ndogo machoni pa mtu aketiye barazani; kwa yule aliye njiani mawingu yakipasuka si ndogo hata kidogo.

Mabishano makubwa yaliyolishughulisha Kanisa Katoliki kwa karibu miaka mia, juu ya uzazi kwanza na juu ya UKIMWI baadaye, yaweza kuelezwa kwa maneno hayo mawili. Yaliingia kwa nguvu katika nchi maskini za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini, kwa kuwa huko ndiko watoto wengi huzaliwa, ndiko mama wengi hufa wakizaa, na ndiko ugonjwa ulikofanya makazi. Kwa bahati mbaya mambo matatu yalifungwa kwa kamba moja: kuzuia mimba, kuharibu mimba, na kukinga maradhi. Walioifunga kamba hiyo si mapadre peke yao. Washindani wao nao waliivuta upande wa pili, wakasema kwamba akataaye moja amekataa yote, na akubaliye moja yampasa ayakubali yote. Fundo likakazika. Yafaa lifunguliwe polepole, uzi kwa uzi.

Uzi wa kwanza ni mrefu. Tarehe 31 Desemba 1930 Papa Pius wa Kumi na Moja alitoa waraka uitwao Casti Connubii. Miezi michache kabla yake maaskofu wa Kianglikana, waliokutana Lambeth katika mji wa London, walikuwa wamekubali kwa mara ya kwanza kwamba mume na mke wenye sababu nzito waweza kutumia njia za kuzuia mimba. Papa alijibu kwamba tendo la ndoa limeelekezwa na maumbile yake kwenye uzazi, na alinyimaye nguvu hiyo kwa makusudi hutenda kinyume cha maumbile. Miaka 21 baadaye, mwezi wa Oktoba 1951, Papa Pius wa Kumi na Mbili aliwaambia wakunga wa Italia kwamba mume na mke wenye sababu za kweli waweza kukutana katika siku zile tu ambazo mwanamke hashiki mimba. Maneno hayo yalikuwa na uzito kuliko yalivyodhaniwa. Maana yake ni kwamba nia ya kutopata mtoto kwa muda si dhambi yenyewe. Kilichohukumiwa ni njia.

Kisha vikaja vidonge. Viliruhusiwa kuuzwa Marekani kwa ajili ya kuzuia mimba mwaka 1960, na mmoja wa waliovifanyia majaribio alikuwa John Rock, daktari Mkatoliki wa Boston aliyehudhuria misa kila siku. Rock aliamini kwamba kidonge hakikuharibu tendo la ndoa, kwa kuwa kilirefusha tu zile siku za utasa ambazo Papa mwenyewe alikwisha kuziruhusu. Papa Yohane wa Ishirini na Tatu aliunda tume ya watu sita mwaka 1963 kulitazama jambo hilo. Papa Paulo wa Sita aliipanua hata ikapita watu 70, wakiwamo madaktari, wataalamu wa hesabu za watu, na mume na mke kutoka Chicago walioleta barua za wanandoa Wakatoliki wakieleza taabu zao. Mwaka 1966 wengi katika tume walishauri kwamba fundisho laweza kubadilika. Wachache walikataa, na hoja yao moja ilikuwa nyepesi kueleweka na nzito kujibiwa: Kanisa likikiri leo kwamba lilikosea mwaka 1930, nani ataliamini kesho? Papa aliwafuata wachache. Waraka wake, Humanae Vitae, uliandikwa tarehe 25 Julai 1968.

Huko Ulaya na Marekani waraka huo ulipokewa kwa kelele. Katika nchi maskini mambo hayakuwa hivyo kabisa, na jambo hili husahauliwa. Maaskofu wengi wa Amerika ya Kusini waliona ndani yake ngao ya maskini. Waraka wenyewe ulionya kwamba serikali zikikubaliwa njia hizi, hakuna litakalozizuia kuwalazimisha watu wao kuzitumia. Wako waliocheka. Lakini India, katika utawala wa hali ya hatari wa mwaka 1975 hadi 1977, ilifunga vizazi vya mamilioni ya wanaume, wengine kwa kusukumwa na polisi na makarani. Peru, katika serikali ya Alberto Fujimori kuanzia mwaka 1996, ilifunga vizazi vya wanawake zaidi ya 200,000, aghalabu maskini wa milimani wasemao Kikechua, na maelfu yao walisema baadaye kwamba hawakuulizwa, au walidanganywa, au walitishwa. Kanisa la Peru lilipiga kelele mapema. Asiyekiri kwamba Paulo wa Sita aliona mbali katika neno hilo moja hamtendei haki.

Hata hivyo kuona mbali si kuona yote. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza kusini ya Sahara kuweka mpango wa taifa wa uzazi, mwaka 1967. Miaka kumi baadaye mwanamke wa Kenya alikuwa bado akizaa watoto wanane kwa wastani; mwaka 2022 wastani ulikuwa 3.4. Mtu mmoja katika kila watano nchini humo ni Mkatoliki, na haielekei kupungua kote huko kuwe kazi ya Waprotestanti na Waislamu peke yao. Waumini wamesikiliza, wameheshimu, wamekwenda zao nyumbani wakafanya walivyoona. Padre anajua, daktari wa misheni anajua, na pande zote mbili zimejifunza adabu ya kutoulizana.

Njia ambayo Kanisa hufundisha, yaani kuhesabu siku na kutazama dalili za mwili, si upuuzi kama wanavyodai wanaoidharau. Kwa watu wawili wenye utaratibu na mapenzi hufaa vizuri. Lakini ina sharti moja ambalo halikuandikwa kwa wino mkubwa: yahitaji mume anayekubali kungoja. Mwanamke hawezi kuishika peke yake. Ni njia iliyopimwa kwa nyumba ambamo watu wawili husemezana kwa usawa na neno la mke hutosha. Nyumba za namna hiyo zipo, tena nyingi kuliko zinavyotajwa. Ambazo si za namna hiyo nazo ni nyingi, na huko ndiko sharti hili litakakorudi tena na kudai gharama kubwa zaidi.

Uzi wa pili ni mfupi, si kwa kuwa ni mwepesi bali kwa kuwa ni wa rangi nyingine. Kuharibu mimba hakumo katika kuzuia wala katika kukinga. Mtaguso wa Pili wa Vatikani, mwaka 1965, ulikuita uovu wa kuchukiza, na Papa Yohane Paulo wa Pili alilikaza neno hilo mwaka 1995 katika waraka wake juu ya Injili ya uhai. Hoja hapa si tena maumbile ya tendo la ndoa. Ni kwamba kuna mwingine, wa tatu, ambaye hana sauti. Mtu aweza kulikataa fundisho hili, na wengi hulikataa. Lakini hawezi kulikataa kwa sababu zile zile alizokatalia fundisho la vidonge, maana halikujengwa juu ya msingi ule.

Katika Kenya shauri hili lilifikishwa mbele ya wananchi wote. Katiba iliyopigiwa kura tarehe 4 Agosti 2010 ilisema kwamba uhai huanza mimba inapotungwa, na kwamba mimba haitatolewa ila pale ambapo mtaalamu wa afya ameona haja ya tiba ya dharura, au uhai au afya ya mama imo hatarini, au sheria nyingine imeruhusu. Maaskofu waliona kwamba neno "afya" ni mlango mpana mno, wakawahimiza watu waikatae katiba. Watu waliipitisha, yapata wawili kwa kila mmoja aliyekataa. Uchunguzi uliofanywa chini ya Wizara ya Afya ulikadiria kwamba katika mwaka 2012 zilitolewa mimba karibu 465,000 katika nchi hiyo, nyingi kwa njia za hatari. Idadi hiyo haimpi ushindi mtu ye yote. Asemaye kwamba sheria kali hukomesha tendo imemkanusha. Asemaye kwamba tendo lenyewe si kitu na amwulize mwanamke aliyelazwa wodini. Papa Fransisko, mwezi wa Novemba 2016, aliwapa mapadre wote daima uwezo wa kuwaondolea dhambi hiyo wanaotubu, uwezo ambao hapo awali katika sehemu nyingi ulikuwa wa askofu na wale aliowateua. Fundisho halikubadilika hata herufi. Kilichobadilika ni umbali ambao mwanamke anayelia alipaswa kutembea.

Basi uzi wa tatu. Ugonjwa ulipojitokeza magharibi ya Ziwa Viktoria, katika Rakai ya Uganda na Kagera ya Tanganyika ya zamani, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wa kwanza kuwaosha wagonjwa hawakuwa wanasiasa. Wauguzi wa hospitali ya misheni ya Kitovu, karibu na Masaka, walizunguka vijijini tangu mwishoni mwa miaka hiyo, wakiwafuata nyumbani wagonjwa ambao hawakuwa na nguvu za kuja. Hospitali ya Nsambya katika Kampala ilifanya hali kadhalika. Ye yote anayetaka kulihukumu Kanisa katika shauri hili na aanze hapo, kwenye beseni na taulo, kabla ya kufika kwenye hotuba.

Hotuba nazo zilikuwapo. Februari 1993 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwafundisha vijana wa Kampala kwamba kujitawala na usafi wa mwili ndiyo njia iliyo salama na adilifu ya kuukomesha ugonjwa. Kwa Uganda neno hilo halikuwa hewa. Serikali yenyewe ilikuwa imewahimiza watu waishi kama ng'ombe aliyefungwa kamba, ale majani ya kwao asivuke ua wa jirani. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu wazima yapata 15 katika kila 100 walikuwa na virusi. Kufikia miaka kumi baadaye walikuwa chini ya saba. Vifo vingi vimo katika hesabu hiyo, na kondomu zimo, lakini wataalamu wengi wamekiri kwamba kupungua kwa wapenzi wa pembeni kulikuwa na sehemu kubwa. Maaskofu hawakuwa wajinga waliposema kwamba mpira hautoshi.

Walikosea pale waliposema zaidi ya hapo. Katika Nairobi, mwaka 1996, Kadinali Maurice Otunga aliongoza uchomaji wa kondomu hadharani. Mwaka 2003 Kadinali Alfonso López Trujillo, aliyesimamia mambo ya familia huko Vatikani, alitangaza kwamba virusi hupenya katika mpira, na Shirika la Afya Duniani likamkanusha waziwazi. Hapo hoja ya maadili iliazima kanzu ya sayansi, na kanzu haikumkaa. Mtu akiwa na sababu njema ya kukataa jambo na aitaje hiyo; akiongeza ya uongo, ya kweli nayo hutiliwa shaka.

Lakini mahali ambapo fundo hili lilishikwa kwa mikono miwili ni mbali na Roma na mbali na Kampala pia. Rustenburg ni mji wa Afrika ya Kusini, magharibi ya Pretoria, uliozungukwa na migodi ya platini. Wanaume huja kuchimba kutoka Lesotho, Msumbiji na Rasi ya Mashariki, wakiwaacha wake zao kwao. Nyuma yao walikuja wanawake wasiokuwa na kazi, wakajenga vibanda vya mabati kando ya migodi, katika vitongoji kama Freedom Park. Aliyekosa unga kwa ajili ya watoto wake alikuwa na kitu kimoja cha kuuza. Kevin Dowling aliteuliwa kuwa askofu wa Rustenburg mwishoni mwa mwaka 1990. Mwaka huo, katika nchi nzima, wajawazito waliokutwa na virusi kliniki hawakufika mmoja katika kila 100. Mwaka 2000 walikuwa 24.5. Askofu huyu hakuisoma habari hiyo katika vitabu: aliingia katika vibanda, akakaa karibu na vitanda, na jimbo lake likaanzisha zahanati kitongojini na baadaye nyumba ya kuwatunza waliokuwa wakifa.

Kilichomsumbua hakikuwa mwasherati. Mwasherati amekwisha kupata majibu yake katika kila dini. Kilichomsumbua ni yule mwanamke wa kibanda ambaye uchaguzi wake ulikuwa kati ya maradhi ya miaka kumi ijayo na njaa ya jioni hii. Na nyuma yake, mbali, asiyeonekana, kulikuwa na mke wa mchimbaji. Huyu yafaa atazamwe sana, maana ndiye aliyesahauliwa na pande zote mbili za ugomvi. Alingoja mpaka ndoa, kama alivyofundishwa. Alikaa mwaminifu katika ndoa, kama alivyoapa. Mashauri yote mawili ya Kanisa aliyashika pasipo kuyavunja. Kisha mumewe akarudi likizo kutoka mgodini, na pamoja na mshahara na blanketi jipya akamletea kifo. Kumwambia huyo kwamba usafi wa mwili ndiyo njia salama ni kumwambia aliyekwisha kufika kwamba aanze safari.

Mwezi wa Julai 2001 Dowling alisema hadharani kwamba katika hali kama hizo mpira haukusudiwi kuuzuia uhai usipite, bali kukizuia kifo kisipite. Baraza la maaskofu wa Afrika ya Kusini, Botswana na Swaziland lilikutana mwezi huo huo. Wenzake wengi hawakukubali. Barua waliyoitoa ilisema kwamba kueneza kondomu ovyo ni silaha isiyo adilifu na iliyopotea njia. Maneno hayo yalienea katika magazeti ya dunia nzima. Lakini ndani ya barua hiyo hiyo, katika aya ambayo magazeti machache yaliitazama, maaskofu walisema habari ya mume na mke ambao mmoja wao au wote wawili wana virusi: kwamba hao yawapasa kuisikiliza dhamiri yao, na wao peke yao ndio wawezao kuchagua njia ifaayo ya kujikinga. Kanisa halikutaja chombo. Halikubariki, halikulaani. Lilitaja kujikinga, likageuza uso.

Je, aya hiyo ilikuwa uasi? Atazamaye nyuma ataona kwamba ufunguo wake ulikuwa katika nyumba ya Kanisa lenyewe siku nyingi. Tangu Tomaso wa Akwino, aliyeeleza katika karne ya 13 kwamba mtu aweza kuulinda uhai wake hata ikiwa mshambuliaji atakufa, wanateolojia wa Kikatoliki wamefundisha kwamba tendo moja laweza kuwa na matokeo mawili, moja likusudiwalo na jingine livumiliwalo. Kwa kanuni hiyo mwanamke mwenye saratani ya kizazi, naye ni mjamzito, aweza kukatwa kizazi, ijapokuwa mtoto atakufa. Kusudi ni kuondoa ugonjwa. Humanae Vitae yenyewe, katika aya ya 15, inasema kwamba tiba zinazohitajiwa kuponya mwili si haramu hata zikileta kizuizi cha uzazi kinachojulikana tangu mwanzo, maadamu kizuizi hicho hakikutafutwa. Mkatoliki mwenye ugonjwa wa tumbo la uzazi hunywa vidonge vile vile vya John Rock, na padre hana la kumwambia.

Kuna mfano ulio karibu zaidi, nao ulitoka Kongo. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 vurugu zilienea, na masista waliokuwa wakifanya kazi humo walikuwa katika hatari ya kubakwa. Mwaka 1961 wanateolojia watatu wa Roma waliandika katika jarida la Studi Cattolici kwamba mwanamke katika hatari ya namna hiyo aweza kunywa dawa ya kuzuia mimba, kwa kuwa anajilinda na dhuluma. Papa Fransisko alilikumbusha jambo hilo Februari 2016, akiwa ndani ya ndege kutoka Mexico, akilihusisha na Paulo wa Sita; makala ya wale watatu, hata hivyo, yalitangulia upapa wa Paulo kwa miaka miwili. Walio waangalifu hujibu kwamba mfano hauwi sawa: sista anayebakwa hatendi tendo la ndoa, bali anatendewa ukatili, ilhali mke amekubali. Jibu hilo ni la haki mahali ambapo mke amekubali. Lakini wapi mke wa mchimbaji aliulizwa? Ikiwa kukataa kwake kunamletea kipigo, au talaka, au kurudishwa kwa baba yake na watoto wanne wasio na karo, basi kukubali kwake ni kwa namna gani? Swali hili ndilo kitovu cha shauri zima, na limejibiwa mara chache mno kuliko swali la mpira.

Hoja nyingine ya waangalifu ni ya ndani zaidi na haifai kupuuzwa. Husema kwamba hata pale ambapo nia ni kukinga, chombo chenyewe hulibadilisha tendo, likawa si lile la ndoa tena. Basi njia pekee iliyo safi kwa mume na mke hao ni kujinyima kabisa, hata maisha yote. Wako wanandoa waliofanya hivyo kwa mapenzi makubwa, na heshima yao ni kubwa. Lakini ushujaa ukifanywa sheria huwaangukia zaidi wanyonge, na katika ndoa nyingi mnyonge anajulikana ni nani.

Roma ililisikia swali. Mwaka 2004 Kadinali Godfried Danneels wa Ubelgiji alisema kwamba mwenye virusi asiyetaka kujinyima, na akaacha kutumia kinga, huongeza juu ya dhambi yake dhambi ya kuua. Mwaka 2006 Kadinali Carlo Maria Martini wa Milan aliiita kinga hiyo, kwa mume na mke, ubaya ulio mdogo. Mwaka huo huo Kadinali Javier Lozano Barragán alieleza kwamba ofisi yake ya Vatikani imelichunguza jambo hili kwa amri ya Papa Benedikto wa Kumi na Sita, na maandishi ya kurasa yapata 200 yakapelekwa kwa wakuu wa mafundisho ya imani. Hayakuchapishwa.

Tarehe 17 Machi 2009 Papa Benedikto, akiwa ndani ya ndege kwenda Kamerun, alisema kwamba kugawa kondomu hakutaushinda UKIMWI bali kwaweza kuuzidisha. Dunia ikafoka. Novemba 2010 kilitoka kitabu cha mazungumzo yake na mwandishi Peter Seewald, na humo alisema kwamba kahaba anayetumia kondomu ili asiambukize huenda anachukua hatua ya kwanza ya kujali wengine. Magazeti yakatangaza kwamba Papa ameruhusu kondomu. Tarehe 21 Desemba Vatikani ilitoa maelezo kwamba Papa hakugusa ndoa wala kuzuia mimba. Alisema juu ya ukahaba tu. Kwa upande mmoja kelele zile ziliwapa haki walioogopa kusema, maana neno dogo lilikuzwa likawa neno kubwa kwa siku moja. Kwa upande mwingine matokeo yake yalikuwa ya ajabu: kahaba alikuwa amepewa neno la upole kutoka kwa Papa, na mke mwaminifu hakupewa neno.

Tiba ilifika kabla ya jibu. Kuanzia mwaka 2004 maaskofu wale wale wa kusini waligawa dawa za kufubaza virusi katika zahanati zao, wakati ambapo serikali ya nchi ilikuwa imechelewa kwa miaka mingi ya kubishana kama virusi ndivyo viletavyo UKIMWI. Mwaka 2011 matokeo ya utafiti uliowahusisha wapenzi 1,763, mmoja ana virusi na mwenziwe hana, katika nchi tisa zikiwamo Kenya, Malawi na Afrika ya Kusini, yalionyesha kwamba mgonjwa akianza dawa mapema hatari ya kumwambukiza mwenziwe hupungua kwa 96 katika kila 100. Hao ndio watu wa zile kurasa 200. Kidonge kilichomezwa asubuhi kiliwakinga usiku, wala hakuna mtaalamu wa maadili aliyekiona kuwa kinyume cha maumbile. Mwavuli mwingine, basi, ulifunguliwa mahali ambapo ule wa kwanza ulikuwa ukigombewa.

Askofu Dowling alistaafu mwaka 2020. Migodi ya Rustenburg ingalipo, na mabasi ya wachimbaji bado huondoka kuelekea kwao mwezi wa Desemba. Dawa humkinga mke wa yule aliyekubali kupimwa na anayeimeza kila siku. Asiyepimwa hana cha kumeza. Hurudi kwake na mizigo yake, watoto humkimbilia, na usiku mkewe hujua juu yake yale tu aliyopenda kumweleza.